Jina, Sarufi na Utambulisho katika "Kizazi Moto"

Uhakiki wa filamu za katuni zinazosimulia maajabu umezoea kuuliza swali moja: je, sura za Waafrika zimo? "Kizazi Moto", mkusanyiko wa filamu fupi kumi uliotolewa na Disney+ mwezi wa Julai 2023, unalijibu bila taabu, kwani watunzi wake wametoka Misri, Nigeria, Uganda, Kenya, Zimbabwe na Afrika Kusini. Lakini utambulisho haukomei usoni. Swali zito zaidi ni kazi iliyopewa lugha.

Jina lenyewe ni ushahidi. Watoaji wa mkusanyiko walieleza kuwa limetokana na maneno "kizazi cha moto". A-unganifu imeondolewa. Hilo si kosa la sarufi, maana Kiswahili kina "maji moto" na "chai moto". Hata hivyo, katika mifano hiyo "moto" hueleza hali ya joto tu, haitaji moto wenyewe. Kizazi cha moto kimegeuka kizazi chenye joto. Tena "Hatima", filamu iliyotungwa Afrika Kusini, imebeba anwani ya Kiswahili, ilhali mazungumzo ya mkusanyiko kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Kiswahili kimepewa mlango, hakikupewa ukumbi.

Filamu ya Kenya, "Enkai", ni ya Ng'endo Mukii, ambaye katika "Yellow Fever" (2012) alikwisha kushughulikia wanawake wanaojichubua ngozi. Hapa mhusika mkuu ni mtoto, mungu wa kike, anayegundua uwezo wake wa kuumba, huku mama yake akihangaika kuviokoa viumbe vya dunia. Mtazamaji wa juujuu atadhani kuwa uke wa mungu huyu ni mtindo wa siku hizi. Sivyo. Enkai ni jina la Mungu kwa Kimaasai, na pia ni mbingu na mvua. Kiambishi chake cha awali ni cha jinsi ya kike. Kiswahili hunyamaza katika jambo hili: "Mungu ameumba" haidokezi uume wala uke. Kiingereza ndicho kimlazimishacho msemaji kuchagua kiwakilishi. Basi picha ya Mukii imeyaweka wazi yaliyokuwamo ndani ya sarufi ya Kimaasai tangu zamani. Hilo ni fanikio kubwa. Upungufu ni kwamba wasikilizaji wanalipokea jina bila lugha iliyolizaa.

Huenda ikajibiwa kuwa soko la dunia hudai Kiingereza. Lakini katuni za Kijapani zimefika Nairobi zikisema Kijapani, na vijana wamezifuata kwa kusoma maandishi chini ya picha. Ugeni wa lugha haukuwafukuza. Ulikuwa sehemu ya mvuto.

Wala tatizo hili si la filamu peke yake. Jina Nairobi limetoka katika Kimaasai, "enkare nairobi", maji baridi. Kilima kinachoutazama mji huo, penye mnara wa Britam, huitwa Upper Hill hata na wasemao Kiswahili. Mji uliozoea kuishi kwa majina ambayo maana yake haiulizwi hautashangaa kuona filamu zake zikifanya vivyo hivyo. Kazi ya mhakiki ni kuushangaza, na kazi ya watunzi wajao ni kuwapa wahusika wao ndimi, si majina matupu.