Kenya 2002: Ramani ya Vyama Ilivyochorwa Upya

Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa asilimia 36 tu ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana karibu zote zilizobaki. Duru ya pili haikuhitajika: aliyeongoza alishinda, mradi apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Mwaka 1997 hesabu ikajirudia, Moi akapata asilimia 40. KANU, chama cha Moi, ilitawala kwa sababu wapinzani wake hawakukaa meza moja.

Aliyekuja kuwaunganisha si mpatanishi. Ni Moi mwenyewe. Machi 2002 KANU ilikimeza NDP, chama cha Raila Odinga, na Raila akawa katibu mkuu. Kisha Moi, aliyefikia ukomo wa mihula, akamchagua Uhuru Kenyatta awe mrithi, ingawa miaka mitano nyuma Uhuru alikuwa ameshindwa hata ubunge wa Gatundu Kusini. George Saitoti, Kalonzo Musyoka na Raila, kila mmoja akiutazamia urais, wakaona mlango umefungwa. Tarehe 14 Oktoba, wajumbe wa KANU wakimwidhinisha Uhuru huko Kasarani, waasi hao walikuwa katika bustani ya Uhuru Park, na huko Raila akatamka: "Kibaki tosha."

Uzito wa kauli hiyo ulikuwa katika hesabu. Kibaki, Michael Wamalwa na Charity Ngilu walikuwa tayari wameungana. Waasi wa KANU, sasa katika chama cha LDP, wakaleta Nyanza na kura nyingine za Ukambani. Wote wakaingia NARC, chama kimoja chenye mgombea mmoja wa urais. Tarehe 27 Desemba Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31, na NARC ikatwaa viti 125 kati ya 210 vya kuchaguliwa.

Naona udhaifu wa muungano huo ulikuwa kwenye hati yake ya makubaliano. Iliahidi kugawana madaraka, hata cheo cha waziri mkuu ambacho katiba ya wakati huo haikukitambua, na hakuna mahakama ambayo ingeilazimisha itekelezwe. LDP ikalalamika kwamba imepunjwa. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 mawaziri wa LDP waliipinga rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na rais, chini ya alama ya chungwa, wakashinda kwa asilimia 58. Kibaki akavunja baraza la mawaziri na kuwaacha nje. Chungwa likazaa chama cha ODM. Mwaka 2007 Kibaki aligombea kwa chama kipya, PNU, huku Uhuru, kiongozi wa KANU, akimpigia kampeni.