Muziki wa Roki wa Washington na Swali la Umiliki

Kada akisikia neno roki, mara nyingi hutazama kwanza nywele na suruali ya mpigaji. Tabia hiyo ina historia kwetu. Januari 1969 Operesheni Vijana, iliyotokana na azimio la Umoja wa Vijana wa TANU la mwaka 1968, ilianza kuwaandama waliovaa sketi fupi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Waliotoa amri hizo walikuwa na hoja nzito: taifa changa halikutaka kuwa jalala la utamaduni wa mabeberu. Lakini walikagua vazi la muziki bila kuuliza swali ambalo mjamaa hulitanguliza mahali pengine pote: ni nani anayemiliki njia za kuuzalisha, na faida inakwenda kwa nani?

Hebu tuliulize swali hilo huko huko Washington, makao makuu ya ubeberu wenyewe.

Mwaka 1980 kundi la vijana liitwalo Teen Idles lilivunjika likiwa na akiba ya dola 600 hivi. Badala ya kugawana, vijana hao wakazitumia kutoa santuri ndogo ya nyimbo nane. Hawakwenda kupiga magoti kwa kampuni kubwa. Watatu kati yao, Ian MacKaye, Jeff Nelson na Nathan Strejcek, walianzisha chapa yao, Dischord, na majalada ya santuri wakayakata na kuyagundisha kwa mikono. Hapakuwa na mikataba; gharama zikisharudi, faida iligawanywa kati ya chapa na wapigaji. Fugazi, kundi la MacKaye lililoanza kutumbuiza mwaka 1987, lilishikilia kiingilio cha dola 5 hivi na milango wazi kwa vijana wa kila umri. Sisi tuna neno la jambo hili, nalo ni kujitegemea.

Fani nayo isisahauliwe, maana muziki si kitabu cha hesabu za ushirika. Wimbo wao wa "Waiting Room", wa mwaka 1988, unaanza na gitaa la besi peke yake. Ngoma na magitaa yanaingia, kisha, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, bendi nzima inanyamaza kwa sekunde kadhaa. Nilipouweka darasani, mwanachuo mmoja aliinuka kwenda kukagua waya akidhani mashine imeharibika. Muziki uliporudi, darasa zima lilicheka. Hiyo ni nidhamu ya watu wanaosikilizana, na huwezi kuipata kwa kundi ambalo kila mmoja anagombea kusikika peke yake. Mimi naupenda wimbo huo, wala sioni sababu ya kuficha.

Kiangazi cha 1985 vijana wa mkondo huo walikwenda mbele ya ubalozi wa makaburu wa Afrika Kusini wakapiga ngoma na kila kilichoweza kulia. Wakati huo watoto wa wapigania uhuru wa ANC walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro. Januari 1991 Fugazi walipiga muziki wao mbele ya Ikulu ya Marekani kupinga vita vya Ghuba.

Hata hivyo tusilewe. Wengi wa vijana hawa walikuwa watoto weupe wa tabaka la kati, katika mji ambao wakazi wake wengi wakati huo walikuwa Wamarekani weusi. Bad Brains, kundi la vijana weusi ambao wenzao hao walikiri kujifunza mengi kwao, lilihamia New York mwaka 1981. Mwenye pa kurudi akishindwa hupata ujasiri wa kukataa fedha kwa urahisi zaidi. Tena ushirika mmoja ndani ya bahari ya ubepari huliwa kingo zake: kundi la Jawbox lilitoka Dischord, likatoa santuri na Atlantic mwaka 1994, na kufikia 1997 lilikuwa limevunjika.

Fugazi waliacha kutumbuiza baada ya mwaka 2002, lakini santuri zao bado zinatolewa na chapa ile ile iliyomilikiwa na wanamuziki wenyewe. Wanamuziki wetu wangapi wa miaka ya sabini wanaweza kusema hivyo kuhusu kanda zao?