Sifa za Picha ya Mkia

Mpiga picha wa studio ana raha yake. Mteja anakuja amechana nywele, anakaa alipoelekezwa, anainua kidevu akiambiwa, na mwisho analipa. Mpiga picha wa ndege, hasa wa ridhaa asiyelipwa na mtu, ana mteja asiyeitwa akaja. Akija hakai, na akikaa hugeuza mgongo. Ndiyo maana simu na kamera za wapenda ndege zimejaa mikia, matawi matupu na mawingu. Hata hivyo nasema hii ni kazi ya heshima, na vichekesho vyake ndivyo vinavyomfunza mtu unyenyekevu.

Chukua Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, penye misheni ya Wakonsolata, shule na hospitali. Ndege hawakosekani: chozi wanafyonza maua ya mishubiri, mbayuwayu wanapita chini ya mapaa, kunguru wenye shingo nyeupe wanapanda na upepo juu ya majabali wanakoota jua pimbi. Kinachomponza mpiga picha ni adabu za watu. Uheheni mtu hapitwi bila salamu, hata akiwa amelala kifudifudi majanini, jicho moja limefumbwa, na chozi ndiyo kwanza ametua. “Kamwene!” anasema mzee anayepita. Ukinyamaza, umekosa adabu. Ukiitika, chozi huyo ameondoka. Tena salamu haiishii hapo, kuna habari za nyumbani, za shamba na za mvua. Mzee akienda zake, wanafunzi wanafika na shikamoo ya pamoja, na marahaba moja haiwatoshi wote. Halafu anakuja mama mwenye huruma: “Baba, unaumwa? Hospitali si mbali.” Ukimweleza kwamba unapiga picha ndege, anakutazama, anamtazama ndege, kisha anauliza swali ambalo mpiga picha hana jibu lake: “Analiwa?”

Tusilicheke swali hilo. Mwaka 1991, katika misitu ya Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waliona miguu miwili ya ndege wasiyemtambua ndani ya sufuria kambini. Mwenye miguu alikuwa kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika popote, na jamaa zake wa karibu walionekana kuwa kwale wa Asia, ng’ambo ya bahari. Mwaka 1994 akapewa jina rasmi, Xenoperdix udzungwensis. Ikiwa ndege mzima aliweza kutambulika kwa kuanzia miguu iliyokwisha kupikwa, nani ataionea haya picha ya mkia wa ndege aliye hai?

Nyanda hizi za Juu Kusini zimeipa picha cheo kikubwa kuliko hicho. Wawindaji wa Kinyakyusa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, Mbeya, walikuwa wakimtaja nyani aitwaye kipunji, na wageni wakadhani labda ni hadithi tu. Kuanzia mwaka 2003 watafiti wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2004 wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Alipotangazwa mwaka 2005, kielelezo chake rasmi kilikuwa picha. Hakuna aliyeuawa ili ajulikane. Mwaka huohuo, Ndundulu, kamera ya kutega ilimnasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, naye akatangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008. Pengine kamera ile ilifaulu kwa sababu haikuwa na wa kuisalimu.

Sisi tunaosalimiwa hatuna budi kujifunza tabia za mteja wetu. Chozi hurudi kwenye shina lilelile la maua, basi kaa hapo, jua likiwa mgongoni pako, umngoje. Kunguru husubiri mwamba upate joto na hewa ianze kupanda. Kumvizia kwenye ukungu wa alfajiri ya Juni ni kujitafutia mafua. Kipanga mara nyingi hujisaidia kabla ya kuruka, na mzoefu akiona hivyo hubonyeza papo hapo. Kamera nayo ina ubishi wake: ukiiachia ichague yenyewe, huliona jani la mbele likiwa safi kabisa, na ndege nyuma yake akawa ukungu. Hakuna kitabu kinachoyafundisha haya vizuri kama picha zilizoharibika.

Kwa hiyo, ewe mpenda ndege, usiifute picha ya mkia. Andika tarehe na mahali, uitunze. Usikate tawi wala usisogelee kiota ili upate iliyo bora. Salamu ikija, itika. Na ukiulizwa kama analiwa, onyesha picha yako nawe uulize: “Huyu hapa mnamwitaje?” Huenda anayekuuliza anamjua ndege huyo kuliko kitabu chako, kama wawindaji wa Rungwe walivyomjua kipunji.