Breki Kabla ya Injini

Wenye Datsun 1600 wakifika kwa fundi huanza na injini. Je, itakubali ya 200B? Kabureta mbili zitapatikana? Kuna mzee mmoja Kansanga, hapa Kampala, anayefufua magari ya zamani katika ua wa nyumba yake, ambaye husikiliza yote hayo kisha huuliza gari limeegeshwa wapi. Halafu hutoka nje kwenda kutazama jiwe lililowekwa nyuma ya gurudumu lina ukubwa gani. Jiwe hilo kwake ndiyo ripoti ya kwanza.

Anayeijua Kansanga atamwelewa. Vichochoro vya udongo mwekundu vinateremka kutoka vilimani hadi Barabara ya Ggaba, na huko chini kuna bodaboda, wanafunzi wa chuo kikuu wanaovuka wakitazama simu, na kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, aliyeweka jiko lake ukingoni kabisa mwa lami. Mvua ikinyesha, mteremko unakuwa sabuni. Injini kubwa mahali kama hapo ni ya kujivunia baada ya kila kitu kingine kuwa sawa, na mzee huyu kweli huifanya ya mwisho.

Gari lenyewe linastahili subira. Datsun 1600, ambayo kiwandani iliitwa 510, ilitoka mwaka 1967 ikiwa na injini ya L16 ya sentimita za ujazo 1595 na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja lilipanda na kushuka peke yake, jambo ambalo saluni nyingi za bei yake hazikuwa nalo. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari hilo. Kisha akaja mtoto wa Kampala. Shekhar Mehta alizaliwa hapa mwaka 1945, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 makazi yake yakawa Kenya. Mwaka uliofuata, akiwa na Lofty Drews katika Datsun 240Z, alishinda Safari kwa tofauti isiyokuwepo: alama zake na za Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, zilikuwa sawasawa, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ndiyo maana wazee wa Kampala hulitamka jina la Datsun kama la timu ya nyumbani.

Wamarekani nao walileta nguvu zao. Mwaka 1964 Mercury Comet zenye V8 ziliingia Safari kwa kishindo. Nyingi hazikufika mwisho. Aliyeshinda ni Peter Hughes, katika Ford Cortina ndogo.

Turudi uani. Baada ya jiwe hutoka sumaku, iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Mzee huipitisha kwenye kingo za chini ya milango, chini ya betri, na kwenye sakafu ya buti pale tairi la akiba linapokaa. Inaposhika kuna bati. Inapoteleza kuna puti. Muuzaji anaweza kulipaka gari rangi mpya jana usiku, lakini sumaku haipokei hongo.

Kutu ya Kampala ina tabia yake. Mombasa chumvi ya bahari hula gari kutoka kila upande, na mwenye macho huona mapema. Hapa adui ni tope. Mvua za Machi hadi Mei husukuma udongo ndani ya mikunjo ya bati. Nje udongo unakauka, ndani unabaki na unyevu, na chuma kinaoza kutokea mgongoni huku rangi ya mbele ikiendelea kung’aa. Kwa hiyo mzee hakwangui rangi kwanza. Huingiza bisibisi kwenye matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, akachokonoa, akatazama kinachodondoka kama ni vumbi la udongo au vipande vya chuma.

Kukata na kuchomelea ndiyo sehemu ambayo ningeweza kuitazama kutwa. Hakati kingo za chini za pande zote mbili kwa pamoja, maana gari la aina hii halina fremu; bodi ndiyo uti wa mgongo, na ukiukata pande zote linalegea katikati. Hukata upande mmoja, tena kwa vipande, baada ya kulikalisha gari sawasawa juu ya stendi. Milango haitoi. Watu hushangaa, kwa sababu mlango unamzuia kufanya kazi, lakini yeye anautaka pale pale: kila baada ya mishono kadhaa anaufunga na kuufungua, akipitisha kipande cha kadibodi kwenye mwanya unaouzunguka. Mwanya ukibana juu na kupanuka chini, anajua bodi imeanza kukimbia.

Bati la kiraka hukunjwa Katwe, kwa mafundi wa vyuma ambao ukiwapelekea kitu kilichovunjika wanakurudishia kizima cha mfano uleule. Anapolichomelea hafuati mstari. Huchoma nukta moja huku, anaruka hadi mwisho wa pili, anarudi katikati, anangoja. Moto ukikaa mahali pamoja, bati hujikunja na halisamehe. Pale lilipokwisha kuvimba, hulipasha doa dogo hadi liwe jekundu, analigonga taratibu akishikiza chuma kwa nyuma, kisha analifunika kitambaa kilicholowa maji. Linalia tssss na kujivuta ndani.

“Mzee, si tutie puti tu hapa?” aliuliza siku moja kijana anayejifunza kwake. “Haitaonekana.”

“Sumaku ya mwenzangu itaiona, ssebo.”

Zamu ya breki ikifika, ndipo anapokubali kuboresha kitu kwa mara ya kwanza. Magari mengi ya miaka ya 60 yalitoka kiwandani na breki za mkondo mmoja: mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Akilikuta gari la namna hiyo, hulifungia silinda kuu ya mikondo miwili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Wenye 510 huko Marekani hupenda kuchukua miguu ya mbele ya Datsun 280ZX kwa ajili ya diski zake nene zinazopitisha hewa. Hapa yeye huenda soko la Kisekka na kalipa mfukoni, akapima kipenyo cha kila kitu bila kujali boksi limeandikwa gari gani. Kutoa hewa huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, yaani kushoto nyuma kwa usukani wetu wa kulia. Halafu gari linapelekwa mteremkoni, bila jiwe.

Sasa injini. Ina kichwa cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikichemka vibaya hata mara moja kichwa kinaweza kupinda. Kukitoa kuna mtego ambao umewaliza mafundi wengi: mnyororo unaozungusha kamshafti hukazwa na kifaa kidogo kilichojificha nyuma ya kifuniko cha mbele, na mnyororo ukilegea kifaa hicho huchomoka. Hapo kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya kufumua mbele yote ya injini. Dawa yake ni kabari ya mti. Mzee huichonga kwa panga kutoka kwenye kipande cha mbao chochote, anaifunga waya, anaishusha kati ya pande mbili za mnyororo, anaigonga kidogo. Waya unabaki nje ili kabari isipotelee ndani. Anazo kadhaa, zimening’inia ukutani zikiwa nyeusi kwa oili, na hamwazimi mtu.

Kuhusu ukubwa tunatofautiana. L18 ya Datsun 180B, sentimita za ujazo 1770, hukaa mahali pa L16 bila ugomvi, na yeye huishia hapo. L20B ya 200B ina 1952, lakini bloku yake ni ndefu kwa karibu sentimita mbili, na urefu huo unasumbua ekzosi na nafasi chini ya boneti. Mimi ningeiweka bila aibu. Yeye husema gari lilipimwa na watu waliojua kupima, kisha anarudi kwenye valvu zake: injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa.

Rangi nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayosifiwa na wapita njia. Ni msasa, maji na kungoja siku isiyo na mvua.

Magari haya hayataongezeka. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo Datsun za zamani zilizo hapa ndizo tulizonazo. Ukiisikia moja inauzwa, nenda na sumaku, na boneti iache ifunguliwe mwisho. Muulize mwenyewe huliegesha wapi, na kama kuna jiwe nyuma ya gurudumu, mwambie aliondoe mkiwa mmesimama wote wawili pembeni.