Chuma Kilichochapwa Huaminiwaje?

Abiria wa Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania, iliyopokelewa mwaka 2023, hubebwa na sehemu zilizotoka kwenye printa. Injini za ndege hiyo ni za familia ya LEAP, na ncha za nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani yake hujengwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka, kutoka kwenye unga wa aloi ya kobalti na kromu. Zamani ncha moja ilihitaji vipande vipatavyo 20 vilivyounganishwa kwa kulehemu. Sasa ni kipande kimoja, chepesi kwa asilimia 25. Kiwanda cha GE kilichoko Auburn, jimbo la Alabama, kilianza kuzizalisha mwaka 2015, na kufikia Oktoba 2018 kilikuwa kimechapa 30,000.

Printa zenyewe zimesifiwa vya kutosha. Kinachonivuta mimi ni maabara, kusiko na leza wala picha za kupendeza: mtu anayetia sahihi kwamba kipande cha namna hii kiruke hutegemea ushahidi gani?

Anayefua chuma au kukichonga hupokea nondo au bamba lenye cheti. Metali imepimwa kwanza, umbo linafuata. Kwenye printa, metali na umbo huzaliwa kwa pamoja, kwa hiyo cheti cha unga hakisemi lolote kuhusu kipande kitakachotoka. Leza hupita juu ya tabaka lenye unene wa sehemu chache za mia za milimita, ikiyeyusha mstari baada ya mstari, maelfu kwa maelfu. Ikiwa na nguvu ndogo, unga hauyeyuki sawasawa na hubaki mianya bapa kati ya tabaka. Ikizidi, huchimba shimo refu ambalo hujifunga kwa juu na kuacha kitundu cha mviringo chini.

Ile mianya bapa ndiyo mibaya zaidi, na inajua kujificha. Imelala sambamba na tabaka. Fito iliyochapwa ikiwa imelala, ikivutwa kwenye mashine ya majaribio, inaweza isionyeshe kasoro yoyote. Iliyochapwa ikiwa imesimama huvutwa kwa namna inayoipanua mianya ileile, na hukatika mapema. Anayejua plaiwudi inavyobanduka anaelewa. Ndiyo maana ripoti ya nguvu isiyotaja mwelekeo wa uchapaji haina thamani kwa mhandisi.

Kuna dawa: kipande huwekwa kwenye tanuri lenye gesi ya argoni, na kwa titani joto hufika nyuzi 900 na ushei, kwa mgandamizo unaokaribia mara 1,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Vitundu vya ndani hubanwa vikafumba. Lakini kitundu kilichotoboka hadi kwenye uso hakifumbi, maana gesi huingia humo na kusukuma kutoka ndani. Na nyufa za uchovu wa metali hupenda kuanzia usoni. Kuzipima huchukua muda: fito moja ikitikiswa mara 50 kwa sekunde hadi mizunguko milioni 10, itakaa kwenye mashine zaidi ya siku mbili, usiku na mchana. Anayelalamikia ankara ya maabara akumbuke hesabu hiyo.

Mwaka 2017 kituo cha Marshall cha NASA, kilichoko Huntsville, Alabama hiyohiyo, kilitoa kiwango kinachoitwa MSFC-STD-3716. Kampuni za roketi zilikuwa tayari zinachapa sehemu za injini ambazo zingebeba watu, na viwango vya kawaida vilikuwa bado havijakomaa. Wahandisi wa NASA hawakuanzia kwenye kipande. Walianzia kwenye mashine. Kila printa, si kila aina ya printa, lazima ithibitishwe peke yake pamoja na unga wake, mipangilio yake na tanuri linalofuata, kisha utaratibu huo ufungwe. Ukibadilisha kitu cha msingi, unarudi kuthibitisha upya. Kabla ya uzalishaji, kipande kamili cha mfano hukatwa vipandevipande na kutazamwa kwa hadubini, maana ukuta mwembamba hupoa tofauti na fito nene, na nguvu ya fito haiwezi kuusemea.

Kisha, katika kila uchapaji, fito za ushahidi husimama kwenye sahani moja na sehemu yenyewe. Hapa ndipo naona akili kubwa ya kiwango hiki. Matokeo ya fito hayalinganishwi na kima cha chini tu, bali na mtawanyiko wa matokeo ambayo mchakato huo umezoea kutoa. Fito inaweza kuvuka kima cha chini kwa mbali na bado ikapigiwa kengele kwa sababu haifanani na ndugu zake.

Mtu atauliza kosa liko wapi ikiwa fito ni imara kupita kawaida. Chukua aloi maarufu ya titani, Ti-6Al-4V, ambayo kwa daraja la kawaida oksijeni haitakiwi kuzidi asilimia 0.20. Unga uliobaki huchekechwa na kutumiwa tena, na kila mzunguko unaweza kuuongezea oksijeni kidogo. Oksijeni huongeza nguvu ya titani na kupunguza uwezo wake wa kurefuka kabla ya kukatika. Fundi anayetazama namba ya nguvu peke yake atafurahi wiki baada ya wiki, huku metali yake ikielekea kuwa kavu na ya kuvunjika ghafla. Mshauri mzuri ni yule anayeona nguvu imepanda na kuagiza unga upimwe upya kabla mtu hajapongezwa.

Mwaka 2021 mawazo hayo yalipandishwa kuwa kiwango cha NASA nzima, NASA-STD-6030. Ni mzigo mzito, na kwa kishikio cha mlango ni upuuzi mtupu. NASA yenyewe hupanga sehemu kwa madaraja kulingana na madhara ya kuvunjika kwake.

Lakini mwenye kiwanda au hospitali anayeagiza kipande cha metali kilichochapwa ng'ambo, cha kubeba mzigo au kuingia mwilini, adai matokeo ya fito zilizochapwa kwenye sahani ileile, yakionyesha kama zilisimama au zililala, na kutoka kwenye maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025. Muuzaji akileta cheti cha unga peke yake, arudishiwe mzigo wake.