Kufunika na Kufunua

Umeme ukikatika Mbagala, dada mwenye steshenari hagombi na mtu. Anafunika laptopu, anatoka kukaa barazani, anasubiri. Betri yake imechoka: ikiachwa wazi inaisha kwa dakika ishirini, ila ikifunikwa ikalala inafika hata jioni. Umeme ukirudi anafunua, na barua ya mteja ya kuomba kazi iko palepale, kishale kinapepesa baada ya "Mkuru". Anaandika "genzi" na kuendelea.

Nilikuwa nikiliona tendo hilo sawa na kufunika sufuria ya wali: unafunika, unafunua, chakula kimo. Mpaka laptopu hiyohiyo ilipoanza kuamka vibaya. Ikizimwa na kuwashwa upya ilikuwa nyepesi. Ikilala na kuamka ilikokota miguu. Herufi unaibonyeza sasa, inatokea ikijisikia. Dada akaamini ni virusi. Nikaibeba hadi Tandika kwa fundi mmoja mwenye meza chini ya mwavuli, na kwa kuwa watu walikuwa wengi nikakaa kwenye benchi lake mchana kutwa.

Fundi hakugusa hata skrubu moja. Alifunika, akahesabu kimoyomoyo, akafunua, akatazama kasi ya prosesa. Akafunika tena. Akachomeka flashi yenye Linux, akarudia yote tangu mwanzo. Katikati ya hayo aliuza chaja mbili na kumfukuza kijana aliyetaka kurudishiwa hela ya kioo. "Hii haiumwi ikiwa macho," akaniambia mwishowe. "Inaumwa inapoamka."

Kauli hiyo ina uzito kuliko inavyosikika. Laptopu za rika lile, mitumba ya Ulaya na Dubai inayojaza madirisha ya Kariakoo, zikilala hazipunguzi tu mwendo. Prosesa inakatiwa umeme kabisa. Kinachobaki kikilishwa ni kumbukumbu ya RAM, nayo kwa tone tu, kwa sababu vijumba vyake vinavuja na lazima vijazwe upya ndani ya kila milisekunde 64, la sivyo barua ya mteja inayeyuka. Utaratibu huu, ambao mafundi huuita S3, umo katika kanuni za usimamizi wa umeme wa kompyuta ziitwazo ACPI, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba Desemba 1996.

Kila ambacho prosesa ilikijua, basi, kimepotea: ilikuwa ikifanya nini, ramani ya kumbukumbu iko wapi, dharura ikitokea imwite nani. Ikiamshwa, inaamka na akili za prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, biti 16, haijui hata kama ina RAM ya kutosha kujaza ghala. Imelala profesa, imeamka mtoto wa chekechea. Na ina sekunde moja hivi ya kumaliza shule, maana mwenye steshenari ameshafunua na mteja amesimama.

Jinsi shule hiyo inavyomalizwa mtu anaweza kuisoma mwenyewe, kwa kuwa msimbo wa Linux uko wazi. Sehemu ya prosesa za kawaida za laptopu imo kwenye faili moja dogo liitwalo cpu.c, ndani ya folda iitwayo power. Juu yake wamejiandika watu watatu: Patrick Mochel, 2001; Pavel Machek, 2002; Rafael Wysocki, 2007. Nimelisoma faili hilo mara nyingi kuliko riwaya nyingi ninazozisifia mbele za watu.

Kabla ya kulala, programu zote zinagandishwa, vifaa vinaagwa kimoja kimoja, na viini vya prosesa vinatolewa kazini hadi kibaki kimoja. Hicho cha mwisho ndicho kinachoandika wosia. Kinanakili rejista zake ndani ya RAM: zinazosema kurasa za kumbukumbu zianzie wapi, zinazoshika jedwali la dharura, zinazoamua ni biti 32 au 64. Kinaacha na anwani, chini kabisa ya kumbukumbu ambako hata mtoto wa biti 16 anafika, ya mahali pa kuanzia kitakapozinduka. Kisha kinabonyeza swichi yake chenyewe.

Kurudi ndiko kwenye ufundi hasa, kwa sababu huwezi kurudisha chochote kabla ya wakati wake. Kuna rejista iitwayo GS, ambayo ndani ya Linux kila kiini huitumia kupata mkoba wake wa vitu binafsi. Katika mkoba huo mna pia namba ya siri ya mlinzi: kila kazi ikianza na ikiisha, mlinzi anaisoma namba hiyo kuhakikisha hakuna aliyeharibu rafu. Sasa, kazi inayomrudishia prosesa GS yake inaanza GS ikiwa haijarudi. Mlinzi akiulizia namba ataitafuta kwenye mkoba usiokuwepo, na mashine itaanguka ikiwa imefumbua jicho moja. Kwa hiyo kuna maelekezo mafupi, ya faili hili, kwamba lijengwe bila mlinzi. Maelezo yake ni sentensi moja. Sijui ni mikesha mingapi ya mtu ililala ndani ya sentensi ile, ila naijua sura ya kazi ya namna hiyo. Nimeiona kwa mafundi seremala wa Keko, pale kiungo cha kitanda kinapokataa mpaka ukipindue.

Halafu kuna suala la nani anashika usukani kwanza. Mashine ikizinduka, anayeanza siyo Linux wala Windows. Ni biosi, programu iliyochomwa kiwandani ndani ya ubao. Inaiamsha RAM, inaweka vitu sawa inavyojua yenyewe, ndipo inakabidhi. Aliyewahi kuendesha daladala anaelewa hali hii: umempa deiwaka gari tripu mbili, ukirudi kiti kimesogezwa mbele, kioo kinatazama dari. Deiwaka hakukusudia ubaya. Alikaa anavyokaa yeye. Dereva mzoefu hagombi; anarudisha kiti na kioo bila hata kuangalia, mkono unajua.

Kisa maarufu cha deiwaka wa namna hii ni cha 2015. Kwenye baadhi ya mashine zenye prosesa za Broadwell za Intel, ikagundulika kwamba zikitoka usingizini zinatambaa. Chanzo kilikuwa rejista moja ya kudhibiti joto. Kabla ya kulala ilikuwa sifuri. Baada ya kuamka ilikuwa 16, yaani swichi moja tu imewashwa, ile inayoiambia prosesa ipige hatua moja na kuruka nyingine. Biosi ndiyo iliyoiwasha. Chen Yu, mmoja wa waandishi wa msimbo wa Linux, akaandika dawa ambayo naipenda kwa upole wake: hakumtukana mtu, alitengeneza tu daftari la ziada la rejista ambazo biosi zimejulikana kuzichezea, zinakiliwa kabla ya kulala na kurudishwa baada ya kuamka, na akaacha nafasi kwa atakayekuja na malalamiko mengine.

Wakaja. Mwaka 2019 zamu ilikuwa ya prosesa za AMD za kizazi cha kabla ya Zen, zikiwemo zile za laptopu za bei nafuu. Zina amri ya kuchota namba ya bahati nasibu. Kwenye baadhi ya mashine, baada ya usingizi, amri ile ilitoa namba ileile kila mara, biti zote zikiwa moja, huku ikiapa kwamba kazi imefanyika. Programu zilizoitegemea zikakwama. Mwandishi mwingine wa Linux, Tom Lendacky, akaamua kuificha amri yenyewe ili programu zisiione. Lakini kule kuificha nako ni mpangilio ulio ndani ya rejista, na rejista inasahau ikilala. Ikabidi kificho nacho kiingizwe kwenye daftari. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu kwenye basi la mwendokasi, abiria wa jirani akasogea kidogo.

Naweza kuendelea. Aprili 2022 mwenzao Borislav Petkov alihamisha hatua moja tu, ya kupakia marekebisho ya ndani ya prosesa, ili itangulie kurudishwa kwa rejista fulani, kwa kuwa baadhi ya rejista zenyewe zinazaliwa na marekebisho hayo. Ukiziandikia kabla, unaandikia hewa.

Laptopu nyingi mpya zimeachana na S3. Zinalala jicho wazi, prosesa inasinzia bila kukatiwa umeme wote, na sehemu kubwa ya elimu hii haizihusu. Itabaki kwenye mitumba, kwenye meza za Tandika na Mwananyamala, kwa miaka mingi tu.

Fundi wangu hakuwahi kulisikia faili la cpu.c, na hakulihitaji. Alishajua mgonjwa ni biosi. Akaitafuta iliyorekebishwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, akaipakua kwa bando la simu yake, kisha akakaa bila kuiweka. Nikamuuliza anangoja nini. Akaonyesha waya uliokuwa ukining'inia juu ya mwavuli. Biosi ikiandikwa nusu na umeme ukakatika, hiyo siyo laptopu tena, ni skrepa, na betri ya dada haikuwa ya kuaminiwa. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 huko Rufiji, sawa, lakini waya wa mtaani ni habari nyingine. Akainama chini ya meza, akapekua lundo la mashine zilizokufa, akapata ya toleo lilelile yenye betri nzima, akaibadilisha, akaichaji hadi ikajaa. Saa moja na nusu kwa kazi ya dakika tatu. Baada ya hapo akafunika na kufunua mara kumi na mbili. Nilizihesabu.

Dada alifika jioni. Akaigeuza laptopu juu chini kutafuta palipofunguliwa, asipaone.

"Kaka, elfu ishirini ya nini na hujabadilisha kitu?"

"Andika neno, dada. Usilimalize."

Akaandika "Mku". Fundi akafunika, akaagiza kahawa kwa muuza kahawa aliyekuwa akipita, wakanywa wote wawili bila kuzungumza, kikombe hadi mwisho. Akafunua. Dada akaandika "ru", akaandika "genzi", haraka, akafuta, akaandika tena.

"Elfu kumi na tano," akasema.