Farasi wa Iceland Katika Mbio Ndefu: Tolti Peke Yake Haitoshi

Begani farasi wa Iceland ana kama sentimita 140, uzito wake hauzidi sana kilo 380, na mgeni humdhania mtoto wa farasi. Lakini ana mwendo ambao farasi wengi hawana: tolti. Miguu minne hukanyaga mmoja baada ya mwingine, wala haiachi ardhi yote kwa pamoja, hivyo mpandaji harushwirushwi. Ni jamaa ya telki ya punda wa mwambao, ila tolti inaweza kukazwa hadi kukaribia shoti. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa uwezo huo unahusiana na badiliko kwenye jeni ya DMRT3.

Basi wengi huamini kwamba kilomita 80 au 160 za mbio ndefu atazimaliza kwa tolti tu. Huko ni kumtesa. Tolti huelemea mgongo na miguu ya nyuma. Misuli ikichoka, mdundo huvurugika, miguu ya upande mmoja ikaanza kwenda sanjari na mgongo ukabonyea. Mpandaji mjuzi huigawa njia. Tambarare ngumu ni ya tolti. Penye mawe na mizizi hushika mwendo wa matiti, mguu wa mbele ukienda na wa nyuma wa upande wa pili. Kilimani shoti fupi. Mteremkoni hatua, na mara nyingine yeye mwenyewe hushuka akatembea. Kila mwendo hupumzisha misuli iliyochoshwa na mwingine.

Kwenye kituo cha ukaguzi cha mbio, daktari wa mifugo hupima moyo: kwa kanuni za kimataifa, mapigo yawe yameshuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa. Kisha farasi hukimbizwa kwa kamba ili kuchungulia kilema. Hapa tolti hugeuka kero, kwa sababu kilema husomwa vizuri zaidi kwenye matiti, ambayo mdundo wake ni sawa pande zote. Anayechanganya miendo anaweza kushukiwa bure. Matiti ya kamba yafundishwe nyumbani mapema.

Halafu kuna sifa ya ustahimilivu, ambayo naona husimuliwa nusu. Katika safari ndefu za Iceland mpandaji huwa na farasi kadhaa. Wengine hukimbia bila mzigo, naye hubadilisha njiani. Mashindanoni farasi ni mmoja, mwanzo hadi mwisho. Mtu wa kilo 75 na matandiko ya kilo 10 ni karibu robo ya uzito wa farasi wa kilo 350. Ongeza manyoya yaliyoumbwa kwa baridi: wakati wa joto inafaa anyolewe shingo na kifua, na amwagiwe maji kila inapowezekana. Farasi wa Kiarabu, mwenye ngozi nyembamba, hupoa haraka zaidi. Ndiye anayetamba kuanzia Ghuba hadi mbio za Tevis Cup za California.

Kwa njia ya milima, hali ya baridi na mpandaji mwepesi, farasi wa Iceland ni chaguo zuri la kumaliza salama. Kwa mbio za kasi kwenye jangwa tambarare, mchukue Mwarabu.